Spirulina na mwani wa baharini: namna ya kukausha ndiyo inaamua faida kwa mwili

Unga wa kijani unaoitwa spirulina unauzwa katika farmasi za miji mingi ya Kongo, na wamama wengi wamesikia kwamba ni mzuri kwa mtoto aliyekonda. Mnunuzi anauliza bei, kisha anauliza vijiko vingapi kwa siku. Ni mara chache aulize unga huo ulikaushwa kwa joto gani, na umekaa ndani ya mfuko wake tangu lini. Kwa wachunguzi wanaofuatilia mwani mdogo, ule wa baharini na ule wa maziwa ya magadi, hayo ndiyo maulizo ya kwanza. Mwani uleule, uliovunwa siku moja katika bwawa moja, unaweza kufika mezani ukiwa na sehemu kubwa ya nguvu zake, au ukiwa umebaki na jina tu.

Jambo hili linatugusa. Mwaka wa 2016, waganga wa Kongo walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kisantu, katika jimbo la Kongo-Central, kwa watoto 50 wa chini ya miaka mitano wenye utapiamlo. Watoto 16 walipewa gramu 10 za spirulina kila siku pamoja na chakula cha kawaida cha pale. Wengine 34 walipewa chakula hicho peke yake. Baada ya siku 30, wale wa spirulina walikuwa wamepata nafuu zaidi, na kwa haraka. Miaka kumi nyuma, mwaka wa 2006, uchunguzi mwingine uliofanyika Ouagadougou kwa watoto 550 ulikuwa umeonyesha pia kwamba spirulina iliyochanganywa na unga wa mtama, soya na karanga iliwasaidia watoto kuliko kila kimoja peke yake.

Lakini katika Burkina Faso hiyohiyo, mwaka wa 2003, waganga waliwapa watoto wenye utapiamlo gramu 5 kwa siku na hawakuona tofauti kubwa kati yao na wenzao wasiopewa.

Tofauti hizi zina sababu nyingi: kipimo si kimoja, chakula kilichoandamana nacho si kimoja, na kundi la Kisantu lilikuwa dogo. Hakuna anayeweza kusema kwamba namna ya kukausha ndiyo ilileta tofauti. Hata hivyo, neno "spirulina" likiandikwa kwenye karatasi halisemi ni unga wa aina gani uliomo ndani ya kijiko, na hapo ndipo wanunuzi wetu pia wanapodanganyika.

Mwani gani huo?

Tunaposema mwani, wengi wanafikiri majani marefu yanayotupwa na mawimbi pwani. Mwani mdogo ni kitu kingine: ni viumbe vya seli moja au seli chache, ambavyo jicho halivioni mpaka viwe mamilioni na maji yageuke kijani, kahawia au mekundu. Baharini ndivyo vinavyolisha karibu kila kitu: vidudu vya majini vinavila, samaki wadogo wanakula vidudu hivyo, samaki wakubwa wanakula wadogo. Mafuta ya omega-3 yanayosifiwa katika samaki wa baharini, samaki mwenyewe hayatengenezi kwa wingi. Asili yake ni mwani huo.

Spirulina, kusema kweli, ni ndugu wa mbali. Wataalamu wanaiweka kati ya bakteria za kijani-bluu, na makao yake ni maji ya magadi, kama yale ya ziwa Nakuru au Bogoria nchini Kenya, ambako ndege flamingo wanaila. Inafugwa katika mabwawa sehemu nyingi za dunia. Biashara inaipanga pamoja na mwani wa baharini, na kanuni za kuitengeneza ni zilezile kwa sehemu kubwa, kwa hiyo zitaelezwa hapa pamoja.

Somo ambalo mihogo ilishatufundisha

Mkongomani hahitaji kufundishwa kwamba chakula kimoja kinaweza kuwa vitu viwili. Mihogo michungu ikilowekwa siku za kutosha, ikakaushwa na kusagwa, ni bugali. Ikiharakishwa, inabaki na sumu. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watoto na wamama, umeharibu maisha ya watu wengi katika eneo la Kahemba, jimbo la Kwango, na mwaka wa 2011 wachunguzi walitangaza kwamba umeonekana Kivu ya Kusini pia, kule Burhinyi, katika miaka ya vita. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni siku za kuloweka.

Sombe ni vilevile: bila kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu haifai kuliwa. Na kila mpishi anajua mafuta ya mawese yakiunguzwa juu ya moto mpaka yawe meupe. Kule kupauka ndiko kufa kwa betakarotini, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Mafuta yanabaki mafuta, lakini dawa ya macho imekwenda na moshi.

Kwa mwani mambo yanakwenda namna hiyo, ila tatizo limegeuzwa. Mihogo inaomba muda mrefu ili sumu itoke. Mwani unaomba haraka na upole, ili kilicho kizuri kisitoke.

Wanawake wa Kanem na mchanga wao

Mahali pazuri pa kuona kazi hii ni Chad, katika jimbo la Kanem na kandokando ya ziwa Chad, ambako wanawake wa kabila la Kanembu wanavuna spirulina tangu vizazi vingi. Wanaiita dihé. Mwaka wa 1940, Mfaransa Pierre Dangeard aliandika juu ya kipande cha dihé alichotumiwa kutoka Fort-Lamy, mji ambao leo ni N'Djamena, lakini wachache walisikiliza. Aliyeifanya ijulikane ni Mbelgiji Jean Léonard, mtaalamu wa mimea aliyekuwa amefanya kazi Yangambi kwetu Kongo. Akiwa katika msafara wa kuvuka Sahara mwaka wa 1964 na 1965, aliona mikate ya kijani-bluu ikiuzwa sokoni, akauliza ni nini, akafuata njia mpaka majini.

Wanawake wanachota uji wa kijani kwenye ukingo wa maji, wanauchuja kwa kitambaa au kikapu, kisha wanaumwaga katika shimo la duara lililotengenezwa juu ya mchanga, unene wa sentimita mbili hivi. Maji yanazama mchangani. Uji unaposhikana, wanaulainisha kwa mikono, wanaukata vipande vya mraba, na kuumalizia kukausha juu ya mikeka kijijini. Katika ziwa moja dogo tu, Kossorom, wachunguzi walihesabu mavuno ya tani zipatazo 40 kwa mwaka, katika ripoti ya mwaka wa 2000. Dihé inapikwa mchuzi wenye chumvi na pilipili, unaoliwa pamoja na mtama.

Ni ufundi wa akili nyingi, usiotumia kuni wala umeme. Lakini una bei yake. Mchanga unaingia ndani ya mkate, na mpishi analazimika kuulowesha na kuuchuja tena kabla ya kuupika. Vumbi na vinyesi vya wanyama haviko mbali. Unene wa sentimita mbili unakauka polepole, na kati ya mkate kunaweza kuanza kuchacha wakati juu kumeshaungua kwa jua. Ndiyo maana shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa pesa za Umoja wa Ulaya, lilifanya kazi na wanawake hao kuanzia mwaka wa 2007 ili kubadili hatua hizo tu: kitambaa safi cha kuchuja, kukandamiza maji yatoke, na kukausha juu ya meza mbali na mchanga. Ziwa halikubadilishwa, wala mwani. Bidhaa iliyotoka ilikuwa safi zaidi.

Joto, unene na saa

Spirulina iliyotoka majini na kukandamizwa bado ina maji mengi sana, na katika joto letu inaanza kuharibika baada ya saa chache. Ni kama ndagala: ukivua asubuhi, jioni lazima uwe umeamua. Ili ikae miezi, maji lazima yashuke chini ya asilimia 10. Swali ni kuyatoa namna gani.

Kitu cha kwanza kuumia ni fikosianini, ile rangi ya buluu inayojificha ndani ya kijani cha spirulina. Ni protini, na katika maabara inaonyesha nguvu ya kupambana na uchakavu wa seli na uvimbe. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo kuliko matangazo ya wauzaji. Wachunguzi wa Thailand walionyesha mwaka wa 2012 kwamba fikosianini iliyo ndani ya maji ikipita digrii 47 inaharibika kwa haraka. Digrii 47 si moto mkubwa. Bati lililo juani saa saba mchana Uvira linaweza kuzipita.

Katika taasisi ya teknolojia ya chakula ya Mysore, India, wachunguzi walijaribu njia kadhaa na kutangaza mwaka wa 1999 kwamba kukausha kwa hewa ya moto, kwa kunyunyizia au kwa oveni kulipoteza karibu nusu ya fikosianini. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Rio Grande, Brazil, mwaka wa 2010 walitafuta njia ya katikati: joto likiwa dogo, ukaushaji unachukua saa nyingi na mafuta yanaanza kuchacha, likiwa kubwa, rangi inakufa. Walisimama kwenye digrii 55 na tabaka nyembamba, chini ya milimita 4. Hata hapo, zaidi ya theluthi ya fikosianini ilipotea.

Kumbe hakuna njia isiyo na hasara. Watengenezaji wadogo wengi, Ulaya na Afrika, wanasukuma spirulina mbichi kupitia matundu madogo itoke kama spageti, kisha wanaiacha juu ya wavu wenye hewa ya vuguvugu. Uzi mwembamba unakauka kwa saa chache bila joto kali. Viwanda vikubwa vinanyunyizia matone madogo ndani ya mnara wa hewa yenye joto la zaidi ya digrii 150. Tone linakauka kwa sekunde, na kwa kuwa maji yanapotoka yanalipoza, lenyewe halifikii joto hilo. Njia iliyo pole kuliko zote ni kugandisha mwani kisha kuvuta barafu itoke kama mvuke bila kuyeyuka. Inahifadhi rangi vizuri, lakini inaomba mashine za bei kali na umeme usiokatika. Kwa mji kama Goma au Bunia, neno hilo la mwisho linatosha kuifunga hesabu.

Na jua lenyewe, ambalo ni la bure? Linakausha, ndiyo. Lakini mwanga mkali unaila betakarotini, kama unavyokausha lengalenga mpaka ziwe za rangi ya majivu. Kivuli chenye hewa inayopita kinashinda jua la wazi.

Ukuta usiovunjika

Hadi hapa habari ilikuwa ya kupoteza. Kwa mwani mwingi wa baharini kuna shida nyingine: chakula kimo ndani, kimehifadhiwa vizuri, lakini tumbo halikifikii.

Spirulina haina ukuta mgumu wa aina ya miti, na tumbo linaiyeyusha kwa urahisi. Nannochloropsis, mwani mdogo wa baharini wenye mafuta mengi ya omega-3, ni kinyume chake. Kila seli imefungwa ndani ya ukuta wenye tabaka la nje ambalo hata dawa kali za maabara zinalishindwa kwa shida. Mtu anaweza kumeza kijiko kizima, na sehemu kubwa ikapita mwilini kama mbegu ya pilipili inavyopita: nzima. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka wa 2020, kwa majaribio ya kuiga tumbo katika maabara, kwamba kuzipasua seli hizo kwa mashine ya mgandamizo mkubwa kunaongeza kiasi cha omega-3 na karotini ambacho mwili unaweza kukichukua.

Kwa mwani wa aina hii, kwa hiyo, kuuacha bila kuuguswa ni kuutupa. Lakini seli ikishapasuliwa, mafuta yake yanakutana na hewa, na saa inaanza kuhesabu.

Dunaliella salina ni mfano wa upande wa pili kabisa. Inaishi katika maji yenye chumvi kupita bahari. Australia ina mashamba yake makubwa, mojawapo katika ziwa la Hutt, ambalo maji yake ni ya waridi. Haina ukuta mgumu hata kidogo, na ikibanwa na jua na chumvi inajaza betakarotini mpaka asilimia 10 ya uzito wake mkavu, na hata zaidi. Ni hazina isiyo na mlango. Kwa hiyo watengenezaji wanaizuia isikutane na hewa tangu kuvunwa, na betakarotini yake inauzwa mara nyingi ikiwa imelala ndani ya mafuta ya kupikia.

Mwili nao unaomba mafuta hayo ili uichukue betakarotini. Mama anayepika sombe na mawese mekundu amekuwa akifanya hivyo bila kusoma ripoti yoyote.

Mafuta ya mwani ndani ya kopo la maziwa

Mwani wa baharini unaokula Mkongomani wa mji bila kujua uko mahali pengine: katika maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Herufi DHA zilizoandikwa kwenye kopo zinataja mafuta ya omega-3 yanayohitajiwa na ubongo na macho ya mtoto. Katika aina nyingi yanatoka kwa mwani mdogo.

Historia yake inaanzia Marekani. Kampuni Martek, iliyoundwa mwaka wa 1985 na wachunguzi waliokuwa wamejifunza mwani kwa ajili ya safari ndefu za angani, ilijifunza kufuga viumbe vya baharini ndani ya matangi ya chuma, gizani, vikilishwa sukari. Mwaka wa 2002 maziwa ya watoto yenye mafuta hayo yaliingia sokoni Marekani. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2020, unalazimisha DHA iwemo katika kila maziwa ya kuanzia, kati ya miligramu 20 na 50 kwa kila kalori 100.

Mafuta haya ni mepesi kuharibika kuliko karibu mafuta yote ya jikoni. Kwa hiyo yanasafishwa, yanaongezwa vitu vya kuzuia kuchacha, na mara nyingi kila tone linafunikwa kwa ngozi nyembamba ya protini na sukari kabla ya kuchanganywa na maziwa ya unga. Ndiyo maana kopo lililofunguliwa lina muda wake, na kununua maziwa yaliyopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi ni kununua kitu ambacho hewa imeshakionja kwanza. Shirika la afya duniani, OMS, linaomba maji ya kuchanganya yasiwe chini ya digrii 70, ili kuua vijidudu. Mama asiogope kwamba moto huo wa dakika chache utamaliza DHA. Adui wake ni hewa na wiki nyingi.

Ziwa mama la mtoto, maziwa ya mama mwenyewe, lina DHA bila kiwanda, hasa mama akila samaki. Sambaza wa ziwa Kivu na ndagala wa Tanganyika nao wanabeba mafuta ya namna hiyo waliyoyapata kupitia mwani wa ziwa. Na sheria ya kukausha inawafuata vilevile: ndagala waliogeuka njano na kunuka mafuta ya zamani, protini wanayo, lakini omega-3 yao imeshachacha.

Yale ambayo hakuna ukaushaji unaoyaponya

Kuna mambo mawili ambayo ufundi wa kutengeneza hauwezi kuyasahihisha.

La kwanza ni vitamini B12. Wauzaji wengi wanaitangaza spirulina kama chemchemi yake. Mwaka wa 1999 wachunguzi wa Japani walipima vidonge vya spirulina na kukuta kwamba asilimia 83 ya kilichoonekana kuwa B12 ni kitu kinachofanana nayo tu, ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Asiyekula nyama, samaki wala mayai asiutegemee unga huu kwa vitamini hiyo.

La pili ni hatari zaidi. Maji ya kijani yanaweza kuwa na bakteria nyingine, Microcystis, yenye sumu inayoshambulia ini. Sumu hiyo haifi kwa kukaushwa, wala kwa kuchemshwa. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako mwani wa ziwa Klamath unavunwa na kuuzwa kama vidonge vya afya, serikali iliweka mwaka wa 1997 mpaka wa mikrogramu moja ya sumu kwa gramu. Vipimo vilipofanywa kwa sampuli 87, sumu ilikutwa katika 85, na 63 zilipita mpaka. Mwani huo wa Klamath si spirulina, lakini mnunuzi wa kawaida hatofautishi unga wa kijani na unga wa kijani. Kwa hiyo utando wa kijani unaoonekana pembeni ya ziwa letu lolote usichotwe, usikaushwe, usipewe mtoto. Spirulina inayofaa inatoka bwawa linalofuatiliwa, lenye maji ya magadi makali ambayo viumbe vingine vingi haviyavumilii.

Kijiko kimoja kina nini?

Baada ya haya yote, hesabu ndogo ya jikoni inasaidia. Karibu asilimia 60 ya spirulina kavu ni protini. Gramu 10, kile kipimo cha Kisantu, ni gramu 6 za protini: yai moja. Gramu 5 ni nusu yai. Anayeambiwa kwamba kijiko kimoja kinashinda kilo ya nyama amedanganywa. Faida ya unga huu iko zaidi katika vile vinavyoandamana na protini, yaani madini ya chuma, betakarotini na rangi, na viwili vya mwisho ndivyo vinavyokufa mapema kwa joto, mwanga na hewa. Protini na chuma vinavumilia moto. Kwa hiyo mama aliyechemsha spirulina ndani ya uji hakutupa pesa zote, ametupa sehemu. Angengoja uji utoke motoni na upoe kidogo, akakoroga unga mwishoni, angehifadhi zaidi.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyevimba miguu au asiyetaka kula, anapelekwa kituo cha afya, ambako kuna chakula cha tiba kilichokubaliwa. Spirulina haichukui nafasi ya chakula hicho, wala ya dawa za ukimwi au za kisukari, hata muuzaji akiapa.

Kwa anayenunua, mfuko wa plastiki unaoangaza uliotundikwa mlangoni juani ni ishara mbaya kabla hata ya kuufungua. Kopo lisilopitisha mwanga, lenye jina la aliyetengeneza na tarehe ya kuvuna, ni mwanzo mzuri. Unga uwe wa kijani kizito kinachoelekea buluu, usiwe wa majivu wala kahawia, na usinuke samaki aliyeoza. Tena kuna jaribio la glasi: nyunyiza unga kidogo juu ya maji baridi, uache saa chache bila kukoroga. Spirulina iliyokaushwa kwa upole inaachia maji rangi ya buluu. Iliyounguzwa inazama na kuyaacha maji bila buluu hiyo. Jaribio hilo halionyeshi sumu wala vijidudu, na mjanja anaweza kuongeza rangi. Lakini linamwambia mnunuzi kama moto ulipita kiasi, na linagharimu glasi moja ya maji safi.